IST yangu ya petroli: niifunge gesi, au niiuze nichukue Leaf ya umeme?

Dereva wa Temboni

Wakuu, za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, na aliyelianzisha ni shemeji yangu.

Nafanya teksi mtandao hapa Dar na IST ya 2004, injini 1300. Gari ni yangu, sipeleki hesabu kwa mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Shida ni sheli. Kila kitu naandika kwenye daftari, kwa hiyo sikadirii: wiki iliyopita, Jumatatu hadi Jumamosi, nimetembea kilomita 912 na gari imekunywa lita 76. Lita kwa 2,900, jumla 220,400. Yaani kila siku, kabla sijanunua hata chapati, elfu 36 na ushee zimeshaingia kwenye tangi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei kikomo nasoma lile tangazo kama mtoto anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya kidato cha nne.

Sasa shemeji, ambaye mishemishe zake ni za bandarini, kaniambia achana na petroli, chukua Nissan Leaf. Jumapili akaniletea moja niijaribu, Kimara Mwisho mpaka Kibamba na kurudi. Wakuu, ile gari haina mlio. Niliwasha nikadhani haijawaka, nikabonyeza tena, kumbe nimeizima. Kwenye mteremko akaniambia weka gia kwenye B. Nikaona namba ya kilomita zilizobaki inapanda, gari inashuka kilima na namba inapanda! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Bei yake milioni 17 ikiwa na namba tayari. IST naweza kuiuza tisa. Milioni nane za kuongezea ninazo, lakini ndiyo akiba yote niliyonayo duniani.

Kijiweni kwetu nako vijana karibu wote wamefunga gesi, yaani gari inatembea kwa gesi asilia badala ya petroli. Fundi kanitajia milioni 1.9 na mtungi ndani yake.

Makazi: nimepanga Temboni, wapangaji watano, mita ya LUKU moja.

Naomba mwenye uzoefu aniambie: hii gari ya umeme inafaa kazi ya teksi, au ni ya watu wa ofisini? Na betri inadumu miaka mingapi kwenye joto letu hili? Aliyesoma tu mtandaoni naomba apishe, nami pia nimesoma.

---

Mzaramo Halisi

Subiri masika, pita Jangwani na hiyo betri chini ya makalio, halafu rudi utuletee mrejesho.

---

Fundi Gerezani

Dogo, nakupa hesabu kama ninavyowapa wateja wangu. Ujue tu kwamba mimi nafunga gesi, kwa hiyo nina upande wangu.

IST ya 1300 kwenye gesi inatembea kama kilomita 16 kwa kilo, foleni zikiwemo. Kilomita zako 912 ni kilo 57. Kilo moja ni shilingi 1,550, unapata 88,000 na chenji. Umeokoa 132,000 kwa wiki. Hiyo 1.9 yako inarudi ndani ya miezi minne.

Njoo kwenye umeme. Hiyo Leaf tuipe kilomita sita kwa uniti moja ya kwenye betri. 912 ni uniti 152, lakini wakati wa kuchaji umeme mwingine unapotea kwa joto, kwa hiyo ukutani utanunua kama 175. LUKU ya elfu kumi ni uniti 28. Jumla 62,500. Umeokoa 158,000.

Umeme umeishinda gesi, sibishi. Umeishinda kwa elfu 26 kwa wiki. Kuzipata hizo elfu 26 unatoa milioni nane badala ya 1.9, yaani umeongeza milioni 6.1. Gawa: wiki 234. Miaka minne na nusu! Na hapo betri imeshazeeka na wewe umezeeka nayo.

Watu wanakosea wanapolinganisha umeme na petroli. Petroli kwa dereva wa mjini imeshashindwa zamani, hata mama ntilie anajua. Umeme ulinganishe na gesi.

Ubaya wa gesi nao nausema. Mtungi unakula buti. Buti la IST lenyewe ni la mabegi mawili, na wewe uko jirani na Stendi ya Magufuli, abiria wako wanakuja na magunia ya mchele kutoka Mbeya na ndoo za samaki. Utakuwa unayapakata? Halafu foleni ya kujaza: nina wateja wanaamka saa tisa usiku kwenda kuiwahi. Vituo vinaongezeka, lakini magari yanaongezeka kwa kasi zaidi.

Na wale wa "umeme ni safi": gesi ya Songosongo ukiichoma kwenye injini yako, au ikachomwa kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi ukaletewa kwa waya, ni gesi ile ile.

---

Mama wa Goba

Kaka Dereva, mimi nina Leaf. Ya 2016, betri ya kilowati-saa 30, yaani uniti 30, huu mwaka wa tatu. Siyo dereva wa teksi. Nakwenda Goba mpaka Posta na kurudi, kilomita hamsini na kitu, basi. Pima maneno yangu kwa kipimo hicho.

Hesabu ya Fundi naikubali, ila ameacha vitu. Mimi sijui oili ni nini tangu niinunue. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna filta ya mafuta. Wewe kwa kilomita zako unamwaga oili kila baada ya wiki tano au sita, hiyo nayo iweke kwenye daftari. Breki bado ni zile ilizokuja nazo, kwa sababu ukiachia mguu gari inajipunguza mwendo yenyewe na kurudisha umeme, kama ulivyoona kwenye mteremko. Foleni ya Mwenge haili kitu, kinachokula ni AC. Ukiwa kwenye petroli, foleni unailipia.

Kuhusu umeme kutoka wapi: Rufiji sasa kuna mitambo tisa kwenye bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Huo ni wa maji, Fundi. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulinikuta na gari hii, nikawa nachaji saa umeme unaporudi, hata saa saba usiku. Ulianza kupungua mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024. Kwa muda wote huo nimeshindwa kwenda kazini mara mbili.

Na Mzaramo, betri imezibwa, maji ya kawaida hayaingii. Lakini Jangwani ikifurika mimi siingii, na wewe na Vitz yako usiingie.

Sasa betri, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Kwenye dashibodi, upande wa kulia, kuna pau ndefu za chaji, na pembeni yake kuna pau ndogo ndogo. Zile ndogo ndizo afya ya betri. Mpya ina kumi na mbili. Ya kwanza ikipotea ujue betri imeshuka mpaka kama asilimia 85. Yangu ilifika na kumi na moja, sasa zipo kumi. Leaf haina maji ya kupoza betri kama rejeta, inategemea hewa tu, kwa hiyo joto la Dar ndilo adui yake mkubwa. Mimi silazi gari juani ikiwa imejaa pomoni.

Usiamini zile pau kwa macho. Wapo wanaozifuta kwa kompyuta zikarudi kumi na mbili, unafurahi mwezi mmoja halafu zinaanza kudondoka kama meno ya utotoni. Nunua kile kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia mwenyewe. Shemeji yako akikataa kukuruhusu ukichomeke, mshukuru kwa soda na uondoke.

Ya milioni 17 nahisi ni ya kilowati-saa 24. Je, ndiyo? Ikiwa na pau tisa, na AC ya abiria, sidhani kama utavuka kilomita 90. Wewe kwa siku unatembea 152. Utakaa wapi mchana kuchaji kwa saa tano nzima? Abiria atakuwa anakusubiri? Na kabla haijazima inakuonyesha picha ya kobe kwenye dashibodi na kuanza kutambaa kweli kama kobe. Mimi imenitokea mara moja, kilima cha Goba, mvua, AC, nyuma yangu lori la mchanga linapiga honi. Sitamani umpate kobe ukiwa na mgonjwa wa Mloganzila ndani.

Kilichonisukuma kuandika hasa ni ile sentensi yako ya mwisho kuhusu makazi, umeitupia tu kana kwamba ni jambo dogo. Wapangaji watano, LUKU moja. Ngoja nikuhadithie.

Wiki ya kwanza nilichomeka chaja kwenye soketi ya kawaida ya sebuleni, waya ukapita dirishani. Kile kiboksi cha chaja kikawasha taa nyekundu, kikagoma. Nikabadilisha soketi, kikagoma. Nikafikiri nimeuziwa kimeo. Fundi umeme akaja, akafungua soketi, akacheka: waya wa athi, ule wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, umeunganishwa kwa urembo, haufiki popote. Nyumba haina athi! Nimeishi humo miaka sita na pasi na friji havijawahi kulalamika. Akachimbia nondo ya shaba nje karibu na tanki, akaunganisha, chaja ikakubali.

Siku ya nne, saa nane usiku, nikaamshwa na harufu. Unajua harufu ya mpini wa sufuria ulioegemea moto? Nikaenda sebuleni, soketi imegeuka kahawia, plagi imelainika, nikiivuta inakuja na vipande vya soketi. Waya uliokuwa ukutani ni ule mwembamba, saizi 1.5, wa taa. Unavuta umeme wa gari saa kumi mfululizo, utaacha kuchemka? Pasi unaipiga nusu saa. Gari ni usiku kucha.

Ndipo nikafanya kilichotakiwa tangu mwanzo. Waya mnene wake peke yake kutoka kwenye bodi mpaka kwenye ukumbi wa gari, na swichi yake ya kukata. Sasa nikifika nachomeka, taa tatu za bluu juu ya dashibodi zinaanza kumeta moja baada ya nyingine, zikizima zote ujue imejaa. Wanangu ndio wanaozichungulia dirishani kabla ya kulala.

Mimi nilivunja ukuta wangu. Wewe utavunja ukuta wa nani? Kabla hujamjibu shemeji yako, kaongee na mwenye nyumba.

---

Boda wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Nimewasoma nikiwa steji nangoja mteja.

Mimi ni wa pikipiki, si gari, lakini nilitoka kwa petroli nikaingia kwa umeme, kwa hivyo naongea nikijua. Nilikuwa na Boxer miaka minne. Mafuta huku yamewahi kupita shilingi 180 lita, na tarehe 14 ya kila mwezi sisi pia huwa tunangoja bei za EPRA na roho mkononi. Sasa niko mwaka wa pili na ya umeme.

Tofauti yangu na huyo mama ni moja: betri si yangu. Pikipiki nalipia mdogo mdogo, betri ni ya kampuni. Ikiisha naingia kituoni, natoa iliyoisha, naweka iliyojaa, kama vile unabadilisha mtungi wa gesi ya kupika. Dakika tatu niko barabarani. Betri ikizeeka, huo ni uzee wa mwenyewe. Mimi sina haja ya kuhesabu pau. Kazi ya kubeba watu haiwezi kungoja chaji ya usiku kucha, na pia huwezi kuweka akiba yako yote kwa kitu kinachopungua kila mwezi hata kama umekiegesha.

Serikali nayo imesukuma kidogo. Tangu 2023 kuna bei yake ya stima ya magari, shilingi 16 kwa uniti, usiku inashuka hadi nane, kabla ya kodi. Na stima yetu nyingi ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Kigali wao wameenda mbali, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Ethiopia walifunga mlango kabisa 2024, gari ya petroli haiingii.

Lakini sitakudanganya ni asali tupu. Kuna Jumamosi moja simu yangu ilikuwa na shida, malipo ya siku hayakuingia kwa wakati. Nafika kituoni na asilimia nne, mfumo unakataa kunipa betri. Mteja nilikuwa nimemshusha Donholm, ananingoja nimrudishe. Nikapiga simu ofisi yao, inalia tu. Nilisukuma hiyo pikipiki hadi Kayole, na ya umeme ni nzito kuliko Boxer, usione inavyopita kimya. Na Boxer ikiishiwa unanunua mafuta ya chupa kwa mama wa kibanda. Hii hakuna chupa. Vilevile siwezi kwenda nayo nyumbani Siaya, nikitoka nje ya vituo vyao nimekuwa mtu wa miguu.

Kwa hivyo uliza kama hapo Dar kuna mtu wa kukukodishia betri ya gari. Kama hayuko, ongea na huyo fundi wa gesi.

---

Mzaramo Halisi

Mama wa Goba, Vitz yangu umeijuaje?

---

Dereva wa Temboni

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, sikutegemea watu wataandika hivi.

Mama wa Goba, ni ya 24 kweli. Nilinunua kile kidude Kariakoo, elfu 35, jana jioni nikaenda nacho. Shemeji hakukataa, masikini, hata yeye alikuwa hajui kama kipo. Pau kwenye dashibodi zinaonyesha kumi. Simu ikasoma asilimia 68. Tukatazamana. Akasema labda kidude ni feki. Nikamwambia labda. Soda nimemnunulia.

Halafu nikaenda kwa mama mwenye nyumba, maana lile swali lako lilinikaa. Nilimkuta anapepeta mchele barazani. Nikamweleza yote, gari ya umeme, waya mnene, nondo ya athi, nitagharamia mwenyewe. Akasikiliza vizuri kabisa. Akauliza, "Hiyo gari kwa siku inakula uniti ngapi?" Nikasema kama 29. Akaacha kupepeta. Akamwita binti yake alete kile kidaftari chetu cha kuchangia LUKU. Nyumba nzima, vyumba vyote, friji yake, na yule kijana wa chumba cha uani anayenyoa watu, tunatumia uniti saba kwa siku. Akasema, "Mwanangu, wewe unataka kuleta nyumba nne ndani ya nyumba yangu." Mpangaji mwenzangu alikuwa anafua pembeni, akacheka mpaka akadondosha ndoo. Nadhani leo mtaa mzima unajua.

Hata hivyo hakufunga mlango. Alisema nikiweka mita yangu peke yangu, kwa jina langu, tutaongea. Hilo nimelihifadhi.

Boda wa Kayole, nimeuliza pote, betri ya kukodi ya gari sijaipata. Ikija nitakuwa wa kwanza.

Basi Fundi, Jumatatu nakuletea IST. Naomba mtungi mdogo kuliko wote ulionao, nibaki na nafasi hata ya begi moja, wale wa Magufuli nitawaambia gunia liende na bajaji. Akiba yangu itabaki milioni sita na laki moja, na daftari linaendelea: kila wiki nitaandika kilo za gesi, na pembeni nitaandika uniti ambazo ningetumia.

Mama wa Goba, swali moja la mwisho. Ule waya kutoka kwenye bodi mpaka nje, na nondo, na fundi, vyote vilikugharimu shilingi ngapi? Na waya ulikuwa wa ngapi, wa nne au wa sita?